Nani Atachukua Ubingwa, na Nani Atalipa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika ukumbi wa Chama, Tanga)



Katibu alipotuandikia kutuomba tuzungumze jioni hii, alisema katika barua yake kwamba wanachama wamechoka na hotuba za kanuni za likizo na za kiinua mgongo, na kwamba yafaa safari hii wapewe jambo la kuwachangamsha, yaani nani atachukua ubingwa wa mpira. Twashukuru kwa heshima hiyo. Lakini twakiri mapema, asije mtu akadai alidanganywa mlangoni, kwamba jina la timu halitatajwa ila mwishoni kabisa, tena kwa sauti ndogo. Kabla ya hapo yatupasa kusema juu ya fedha, na kwa hakika fedha ndiyo iliyotufanya tukubali kusimama hapa.

Kila mmoja wetu alijua lile daftari lililoko masjala, lenye jalada jekundu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila mwanzo wa msimu mtu huandika humo timu tatu atakazoziona juu na tatu zitakazoshuka, hutia sahihi yake, na msimu ukiisha aliyeukaribia ukweli hununuliwa chai na maandazi na wale walioshindwa. Ligi yetu ya nyumbani haimpi mbashiri kazi kubwa. Tangu mwaka 2001 hadi 2025 ubingwa umetoka mikononi mwa Simba na Yanga mara moja tu, msimu wa 2013/14, Azam walipouchukua. Basi mtu akiandika Simba au Yanga amekwisha kupata nusu ya ukweli kabla wino haujakauka. Sisi wa Tanga tuna mwaka wetu wa 1988, Coastal Union walipokuwa mabingwa, lakini wengi tuliomo humu tulikuwa hatujazaliwa, au tulikuwa tungali twabebwa mgongoni, na kumbukumbu ya kuhadithiwa haina ladha ya kumbukumbu ya macho.

Ndiyo maana watu hukimbilia Ligi ya Uingereza, ambako mambo ya ajabu hutokea mara chache lakini hutokea. Mwaka 2015, msimu ulipoanza, makampuni ya kule yaliahidi pauni elfu tano kwa kila pauni moja ya mtu atakayewataja Leicester City kuwa mabingwa. Tarehe 2 Mei 2016 Chelsea walitoka sare ya 2-2 na Tottenham, na Leicester wakawa mabingwa wakiwa hawako hata uwanjani. Katika daftari letu hakuna aliyewaandika juu. Yuko ndugu mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa ameketi safu ya pili, aliyewaandika miongoni mwa watatu watakaoshuka, na sahihi yake ingalipo. Nao walishuka kweli mwaka 2023, wakarudi, wakashuka tena 2025, na tangu hapo ndugu huyu adai chai yake kwa kusema kwamba hakukosea, ila aliwahi mno.

Ubashiri wa namna hii hauna ubaya hata kidogo. Mtu aliyetia sahihi chini ya kosa lake, na kosa hilo likasomwa na ofisi nzima kwa miaka kumi, hujifunza adabu ambayo haifundishwi darasani. Neno letu la jioni hii ni juu ya siku ambayo chai iligeuka kuwa shilingi.

Kubashiri mpira kwa fedha hakukuzaliwa ndani ya simu za mkononi. Mwaka 1923, katika mji wa Liverpool, kijana mmoja aitwaye John Moores, mtu wa ofisi ya telegrafu, yaani karani mwenzetu, alishirikiana na rafiki zake wawili wakachapisha karatasi 4,000 za kutabiri matokeo ya mechi na kuzigawa nje ya uwanja wa Manchester United. Zilizorudi zilikuwa 35. Rafiki wale walikata tamaa wakajitoa. Yeye akaendelea, na kampuni yake ya Littlewoods ikamfanya tajiri mkubwa. Sasa angalieni majira. Miaka ya mwanzo ya 1930 ilikuwa miaka ya shida dunia nzima. Uingereza watu karibu milioni tatu hawakuwa na kazi, na hapa petu bei ya mkonge ilianguka hata wazee waliokuwa mashambani wakaukumbuka wakati ule maisha yao yote. Mtu angedhani kwamba katika shida kama ile karatasi za kubashiri zingekoma. La! Ziliongezeka, hata zikawa zajazwa na mamilioni kila juma. Wakuu wa ligi walichukia, na mwaka 1936 walijaribu kuficha ratiba ya mechi ili wenye karatasi wasijue nani atacheza na nani. Majuma machache hayakwisha ila wamesalimu amri, maana watazamaji nao hawakujua waende uwanja gani.

Kwa nini mtu mwenye njaa aitupe senti yake? Matajiri husema ni upumbavu, na wahubiri husema ni tamaa. Sisi tulio makarani twaomba ruhusa ya kulipigia jambo hili hesabu. Mtumishi mwenye kuweka akiba ya shilingi elfu ishirini kila mwezi, bila kuugua, bila kufiwa, bila kuchangia harusi ya mtu, atahitaji miezi elfu moja ili kupata milioni ishirini za nyumba ndogo ya kawaida, nayo ni miaka 83 na miezi minne. Mtu huyu akiipiga hesabu hiyo mara moja usiku, haipigi tena. Tangu saa ile shilingi elfu mbele yake si akiba, kwa kuwa akiba haimfikishi popote. Imekuwa ni bei ya kuingia mlangoni. Mpango huu wa mali, huu uitwao ubepari, humwambia kila siku kwamba mwenye bidii na subira atafika, na hesabu yake mwenyewe yamwambia kwamba atafika akiwa na umri wa miaka mia na kumi na tano. Basi hununua ndoto kwa rejareja.

Biashara ile ilivuka bahari ikatufikia. SportPesa ilianza Kenya mwaka 2014, fedha zikipitia simu, hata mtu hakuhitaji karatasi wala dirisha. Kufikia 2017 jina lake lilikuwa kifuani mwa Everton, timu ya mji uleule wa Liverpool, ambayo Moores mwenyewe aliwahi kuwa mwenyekiti wake. Mzunguko huo hutushangaza kila tuufikiripo: karatasi ilitoka Liverpool, na baada ya miaka 94 shilingi ya mtu wa Nairobi ikarudi Liverpool kuvaliwa. Mwezi wa Julai mwaka ule Everton walikuja Dar es Salaam, wakacheza na Gor Mahia katika Uwanja wa Taifa, Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali, nao wakashinda 2-1. Sisi tulitazama katika banda la televisheni, tukapiga makofi hadi viganja vikauma. Hakuna aliyeuliza nauli ya wageni wale ilitoka mifukoni mwa nani. Miaka miwili baadaye, katika mgogoro wa kodi na leseni baina ya serikali ya Kenya na makampuni hayo, udhamini ukakatwa, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki na jezi zisizo na mdhamini.

Wala sisi watumishi wa serikali tusijitakase katika habari hii. Michezo ya kubahatisha hutozwa kodi, kodi huingia Hazina, na mishahara yetu hutoka Hazina. Yawezekana kabisa kwamba shilingi aliyoipoteza kijana wa Ngamiani siku ya Jumamosi ilitufikia sisi mwisho wa mwezi ikiwa imekwisha kutiwa muhuri.

Sasa twaja kwenye mkeka wenyewe. Wasioujua neno hili kwa maana yake mpya na wajue kwamba ni orodha ya mechi nyingi zilizounganishwa, ambazo zote sharti zitokee kama ulivyosema. Moja ikikosa, mkeka umechanika. Tuseme jambo lina nafasi sawasawa ya kuwa au kutokuwa, mathalani mechi kuwa na mabao matatu na zaidi, au mawili na kushuka. Haki yake ni kwamba ukitoa shilingi moja urudishiwe mbili. Kampuni haikupi mbili, yakupa tuseme 1.87. Upungufu huo ni mdogo, na mtu hauoni, kama vile asivyoona kibaba kilichopunguzwa kwa kidole gumba cha muuzaji. Lakini mkeka wa mechi kumi huuzidisha upungufu ule mara kumi juu ya wenyewe. Nafasi ya kupata zote kumi ni moja katika 1,024. Malipo yake, ukizidisha 1.87 mara kumi, ni kama shilingi 523. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi mia ambazo watu huweka katika mikeka ya namna hiyo, kwa wastani hurudi hamsini na moja tu. Hakuna hoteli, wala duka, wala mkopeshaji wa mtaani, anayebakiza nusu ya fedha ya mteja na kumpa mkono mtupu, naye mteja akasema asante, nitarudi kesho.

Hata hivyo, twalikiri jambo moja kwa upande wa kampuni: hizi hesabu zake huandikwa wazi, na ukishinda hulipwa, kwa kuwa ameweka akiba ya kukulipa. Kumbukeni neno hilo la akiba, maana latupeleka Marekani.

Mwaka 2008 tulikuwa kidato cha nne katika shule ya misheni, bweni, huko milimani. Habari za ligi tulizipata kwa redio ya Bradha mmoja, aliyeiweka dirishani siku za Jumamosi akijifanya kwamba hajui kuwa twasikiliza. Wavulana wengi tulikuwa na fulana za mitumba za Manchester United, nyekundu, zenye herufi tatu kubwa kifuani, AIG. Kwa miaka miwili tulidhani ni jina la kiwanda cha viatu. Tulipomwuliza mwalimu wetu wa hesabu za biashara, alijibu kwamba ni kampuni ya bima, kubwa kuliko zote tulizowahi kuzisikia, akatuambia tuendelee na leja.

Kampuni hiyo ilikuwa na idara moja iliyofanya kazi zake zaidi London. Bima ya moto twaijua: watu elfu hulipa kidogo kidogo, nyumba moja huungua, mwenyewe hulipwa, na sheria humlazimisha mwenye bima kuweka akiba. Idara hii iliuza ahadi ya namna nyingine. Iliwaahidi mabenki kuwalipa iwapo deni fulani halitalipwa, na mengi katika madeni hayo yalisimama juu ya mikopo ya nyumba za Wamarekani. Kwa jina ilionekana kama bima, lakini kwa tabia ulikuwa ni ubashiri, yaani kwamba watu watalipa, na kwamba bei za nyumba hazitaanguka kote kwa pamoja. Fikirini mwenye kibanda cha mikeka hapa Barabara ya Ishirini na Moja, anayepokea dau la watu wote wa Tanga upande mmoja, hana akiba ya kuwalipa wakishinda, na kila mwaka ambao hawajashinda ajigawia fedha ile kwa kuwa yeye ni hodari. Mwezi wa Agosti 2007 mkuu wa idara ile aliwaambia wenye hisa kwamba haoni namna ya kupoteza hata dola moja katika biashara hiyo. Huyo alikuwa mbashiri kama sisi, ila daftari lake halikuwekwa masjala.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika. Kesho yake Benki Kuu ya Marekani ikaikopesha AIG dola bilioni 85, ikachukua karibu asilimia 80 ya kampuni. Katika robo ya mwisho ya mwaka ule hasara yake ilikuwa karibu dola bilioni 62. Na mwezi wa Machi 2009 ikajulikana kwamba watu wa idara ileile iliyobashiri vibaya wamegawiwa bakshishi za dola milioni 165. Twaomba neno hili lisipite upesi. Karani wetu aliyekosea Leicester alinunua chai. Wale waliokosea nyumba za Marekani walinunuliwa chai.

Na mpira? Mpira uliendelea. Mwezi wa Mei 2009 Manchester United walichukua ubingwa, herufi zile tatu zikiwa kifuani. West Ham walikuwa wamevaa jina la kampuni ya safari iliyofilisika mwezi wa Septemba 2008, ikabidi jina lifunikwe. Newcastle walivaa jina la Northern Rock, benki ambayo mwaka 2007 watu wa Uingereza walipanga foleni mlangoni kudai fedha zao, jambo lisiloonekana kule kwa zaidi ya miaka mia, na ambayo Februari 2008 ilichukuliwa kuwa mali ya serikali. Jina hilo walibaki nalo, hata Mei 2009 walipofungwa 1-0 na Aston Villa wakashuka daraja. Tofauti yao na benki yao ndiyo hii: timu ilipofanya vibaya ilishuka.

Haki na itendeke hata kwa tusiowapenda. AIG ililipa deni lile, na kufikia mwisho wa 2012 serikali ya Marekani ilikuwa imepata faida ya kiasi cha dola bilioni 22.7 juu yake. Wako watu wenye elimu wasemao kwamba isingeokolewa, shida ingekuwa kubwa zaidi, na sisi hatuna elimu ya kuwapinga. Twasema hili tu: mamilioni ya familia waliopoteza nyumba zao hakuna aliyewapelekea bilioni usiku mmoja. Na shida ile ilitufikia hata sisi, bei ya pamba ikaanguka, hata Juni 2009 Rais Kikwete akatangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi, na sehemu ya fedha hizo ikawa ya kufidia hasara za wanunuzi wa mazao. Mkulima wa pamba wa Shinyanga hakuwa amebashiri kitu chochote.

Ndugu zetu, hadi hapa tumesema juu ya wengine, nako ni rahisi. Sasa tuseme juu yetu wenyewe, yaani sisi tuliosimama hapa.

Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa corona ulipoingia nchini, katika juma moja mambo matatu yalitupata. Shule zilifungwa, na mke wetu alikuwa akiuza maandazi na karanga kwenye lango la shule. Semina na safari za kazi zilifutwa, na ninyi mwajua kwamba posho ndiyo iliyokuwa ikifunika tundu la mshahara ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa haujaongezwa. Na ligi zote zikasimama, ya Uingereza na ya nyumbani, hata jioni zikawa ndefu, hazina kitu ndani yake isipokuwa hesabu. Wakati huo tulikuwa mshika fedha wa upatu wa watu kumi wa ofisini. Zamu ilikuwa ya mama mmoja wa masjala, aliyekusudia kununua mabati ya chumba chake kabla ya masika. Alituomba tumwekee hadi Jumamosi, kwa kuwa fundi alikuwa safarini.

Katika dunia nzima ilikuwa imebaki ligi moja ya Ulaya iliyochezwa, ya Belarus. Hatukujua kama nchi ile ina bahari. Tulijua kitu kimoja, tulichokisoma katika simu: timu iitwayo BATE ilikuwa bingwa miaka 13 mfululizo, tangu 2006 hadi 2018. Tukasema moyoni, hii ni Simba na Yanga kwa pamoja. Tukaandika mkeka wa timu saba, BATE wakiwa wa kwanza, na tukaweka fedha ya upatu. Hatukukusudia kuiba. Tulikusudia kuirudisha Jumamosi ikiwa nzima, na kubaki na kiasi cha kutupitisha hadi shule zifunguliwe. Tarehe 19 Machi BATE walifungwa 3-1 na Energetik-BGU, timu ya chuo kikuu, na mkeka ukachanika siku ya kwanza, kwenye mechi ya kwanza, kabla zile sita hazijachezwa. Tulikaa tumeishika simu kana kwamba ni yenye kosa.

Hatukulala. Asubuhi tulimwambia mke wetu, naye hakusema neno, akaingia ndani akazitoa khanga zake mbili mpya akaziweka mezani. Kisha tukaenda kwa mama yule. Yeye alisema, wala hatutayarudia maneno yake, maana yalikuwa ya haki. Tulimlipa kwa miezi saba. Miwili ya kwanza ilikuwa ndiyo miezi ya mvua, na tulipokwenda kumpelekea fungu la Aprili tulimkuta amepanga sufuria na ndoo chini ya dari, nazo zalia kila moja kwa sauti yake. Alitukaribisha kiti. Kiti kilikuwa kimelowa, tukakikalia. Mama huyo yumo ukumbini jioni hii, naye ndiye aliyetupa ruhusa ya kuisimulia habari hii, kwa sharti kwamba tusipunguze kitu.

Katika miezi ile saba tulikumbuka mara nyingi fulana zile nyekundu. Hatusemi kwamba tulistahili kusamehewa. Tulikosea, tukalipa, na kulipa kulikuwa sawa. Linalotuchoma ni kwamba sheria hiyo iliyo sawa kwetu haikuwa sheria yao. Sisi tulichukua fedha isiyo yetu, tukabashiri, tukashindwa, tukauza redio na baiskeli. Wao walichukua hatari ya mabilioni yasiyo yao, wakabashiri, wakashindwa, wakaletewa hundi. Mtu akituuliza kwa nini twaunung'unikia ubepari, hatutamjibu kwa vitabu. Tutamwonyesha daftari mbili hizo, na kumwomba azilinganishe safu kwa safu.

Na wenye mali wenyewe walitueleza nia yao mwaka uliofuata, wala hawakutafuna maneno. Viwanja vilikuwa vimekaa bila watazamaji, vilabu vikubwa vilikuwa na hasara na madeni. Tarehe 18 Aprili 2021 vilabu 12 vya Ulaya, sita vikiwa vya Uingereza, vilitangaza kwamba vitaanzisha ligi yao wenyewe, na benki ya JPMorgan ikiwa nyuma yao kwa fedha. Timu zingekuwa ishirini, na kumi na tano kati yake zisingeshuka kamwe, hata zikifungwa kila juma. Soma vizuri, ndugu. Watu wale wale wasemao kwamba ushindani ni chakula cha uchumi, na kwamba asiyeweza aanguke, walitaka ubingwa ambao wao hawaanguki. Watazamaji wa Chelsea walijaa barabarani tarehe 20 Aprili wakazuia basi la timu yao, na usiku uleule vilabu vyote sita vya Uingereza vikajitoa. Hatujui habari nyingine ya miaka hii ambamo wenye fedha walirudi nyuma ndani ya siku mbili kwa kuzuiwa na watu walioshika mabango tu, na twaikumbuka kwa furaha ijapokuwa sisi si wapenzi wa Chelsea.

Yamebaki mambo mawili ya ofisi. La kwanza, tumempelekea Bibi Mweka Hazina barua ya kuomba kwamba upatu wowote unaoendeshwa chini ya Chama ushikwe na watu wawili, kila shilingi iingie na kutoka kwa sahihi mbili, na aliyewahi kuchezea fedha ya wenzake asiwe mmoja wao. Barua hiyo tumeiandika kwa mkono wetu, na twajua yatufungia mlango sisi wenyewe. Kama mkutano utakubali, yaweza kupigiwa kura kabla ya chai.

La pili ni daftari jekundu. Limeletwa, liko juu ya meza ile karibu na birika, na ukurasa wa msimu mpya umekwisha kupigwa mistari. Dau ni chai na maandazi kama zamani, wala haitapokelewa shilingi, hata ikitoka kwa Bwana Rais. Katibu amekwisha kututazama mara tatu akitukumbusha kwamba hatujalijibu swali lake. Basi tumekwisha kuandika na kutia sahihi. Tumeandika Coastal Union. Anayetaka kucheka na acheke, lakini kwanza aje aandike yake, na asiukate ule uzi wa kalamu.